Minyaa Iliyoishia Magotini

Kabla sijafika kwenye ng'ombe na miti, kuna ngoma moja imenikaa kichwani, na nisipoitoa kwanza sitaandika kitu. Nilikuwa mdogo wa kubebwa na kuteremshwa. Pamba ilikuwa imeshavunwa, na huku kwetu pamba ikishavunwa watu wanacheza. Kaka yangu mkubwa alinichukua tukaenda upande wa Lalago kutazama mashindano. Mashindano yetu hayana refa. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, saa ileile, hawa huku na hawa kule, na watazamaji wako katikati. Kundi likikolea, watu wanalikimbilia. Jua likienda kuzama, mwenye watu wengi ndiye kashinda, na hakuna rufaa.

Siku hiyo watu waligawanyika sawasawa mchana kutwa. Halafu upande mmoja wakafungua kikapu wakatoa chatu, mcheza ngoma akamvaa shingoni, na uwanja mzima ukahama kwa mpigo. Nilikanyagwa, nikaburutwa, kiatu kimoja kikabaki. Kaka aliponirudisha kukitafuta tulikuta upande wa pili hakuna mtu ila mpiga ngoma na wenzake wachache, na wenzake nao walikuwa wanarefusha shingo kumchungulia chatu. Yeye alipiga tu. Mbele yake palikuwa na vumbi. Kaka akamwuliza, "Hujaona kiatu cha mtoto?" Yule mtu akatikisa kichwa bila kuacha kupiga. Nililia njia nzima mgongoni kwa kaka, na nililia kwa ajili ya kiatu, siyo mguu.

Kilikuwa katambuga, kiatu cha tairi la lori, na aliyenikatia ni kaka mwenyewe. Tulipofika nyumbani akapanda darini, akateremsha vipande alivyobakiza kutoka tairi lilelile, akanikatia kingine. Hivyo ndivyo alivyokuwa tangu ujana wake, hakutupa kitu. Kamba ya katani ikikatika aliiunga. Mpini wa jembe ukivunjika ulikuwa mwiko wa ugali. Mama yetu, ambaye sote tulimwita mayu kama Wasukuma wanavyomwita mama, alizoea kusema, "Huyu nikifa atanigeuza kigoda."

Mimi shule niliishia darasa la pili, nikapelekwa machungani, kwa hiyo mtanisamehe nikizunguka. Machungani mtu anazunguka, na ng'ombe wanakunywa maji hivyohivyo.

Tulikuwa watoto wa kiume watatu, kaka, mimi, na mdogo wetu. Baba alipokufa alituacha na mayu, ng'ombe wa kutosha, plau, na ngitili. Kwa asiye wa kwetu, ngitili ni kipande cha nchi unachokifunga. Mvua zikianza, hakuna ng'ombe kuingia humo, hakuna shoka, nyasi zinaachwa ziote mpaka zimfiche mtu. Kiangazi kikishakomaa na kwingine kote pamebaki vumbi, ndipo unafungua. Unaanza na ndama na wagonjwa, kisha madume ya plau, ili mvua zikirudi wawe na mgongo wa kuvuta. Ngitili ya baba ilishuka kutoka nyuma ya nyumba mpaka karibu na mto, na katikati yake kulikuwa na migunga mikubwa na mkwaju mmoja. Hatukuwa na ukuta wala waya. Watu walijua tu kwamba imefungwa.

Kisha likaja soko huria. Wakati huo wilaya yetu ya Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, huu mkoa wa Simiyu ni wa juzi. Zamani pamba tuliipeleka kwenye chama cha ushirika, tukapewa risiti, tukasubiri. Sasa wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, wanaipachika palepale barabarani, unapima, unalipwa, unaondoka na pesa ikiwa na joto la mfuko wa mtu. Mdogo wetu akapata kazi ya uwakala kwa mnunuzi mmoja. Akanunua baiskeli mpya, akaifunga riboni kwenye spoku. Sikatai, tulifurahi sote. Tulikuwa tumechoka kusubiri.

Pamoja na pesa ile zikaja bidhaa, na pamoja na bidhaa ikaja mifuko ya nailoni. Zamani chumvi ilifungwa kwenye gazeti, nyama kwenye majani, mafuta ulikwenda na chupa yako. Mfuko wa kwanza wa nailoni uliofika kwetu mayu aliufua kwa sabuni, akauanika kwenye kamba, akawa anauchukua kanisani Jumapili, Biblia ndani. Wanawake waliugusa. Mwaka uliofuata mifuko ilikuwa haihesabiki. Ukipita Dutwa kesho ya gulio, miiba yote imetoa maua, meusi na ya bluu, yanapiga kelele kwenye upepo. Watoto wakaona ni sherehe. Mimi pia niliona ni sherehe, kusema kweli. Tulikuwa tumeshazoea nchi isiyo na rangi.

Kaka alikuwa na dume la rangi ya majivu, la mkono wa kuume kwenye plau. Dume lile lilijua mfereji kuliko mtu. Mwanzoni mwa kiangazi likaanza kukonda huku tumbo likijaa. Linakwenda kwenye nyasi, linanusa, linaziacha. Kaka alilipa dawa za miti, akalipa magadi, akalikanda ubavu kwa viganja mpaka viganja vikavimba. Mwisho likalala, tukalichinja kabla halijajifia.

Tulipopasua tumbo tukakuta mpira. Sijui niite nini kingine. Mkubwa kama kibuyu cha maziwa, umesokotwa vizuri kama aliyeusokota alikuwa na nia. Kaka akaufungua kwa kisu pale chini, mfuko mmoja mmoja, akiutandaza. Mweusi. Wa bluu. Mweusi. Majirani walikuwa wanagawana nyama, mmoja akamwambia, "Wewe, chukua paja, uchafu huo waachie mbwa." Hakula nyama ile. Alikaa akitandaza mpaka mpira ukaisha, kisha akaikusanya mifuko yote akaifukia kwenye shimo refu, na juu yake akaweka jiwe.

Kuanzia siku hiyo akabadilika, na mabadiliko yake hayakuwa ya hotuba. Kesho yake shemeji, yaani mke wake, alipotaka kwenda gulioni, alimkuta ameshika mlango na kikapu cha ukindu mkononi.

"Cha nini hiki?"

"Cha kubebea."

"Nionekane natoka kuomba?"

"Uonekane umetoka kwako."

Shemeji akakichukua kwa hasira. Alirudi nacho kimejaa, hasira imepungua, kwa sababu kikapu hakichaniki njiani na dagaa hawamwagiki.

Kaka mwenyewe akachonga fimbo, akapigilia msumari nchani, na kesho ya kila gulio akawa anakwenda Dutwa kudunga mifuko iliyotupwa, anaitia kwenye kikapu, anaifukia. Wauza nyanya walimngojea kwa hamu. "Mwadila, baba," walimsalimia kwa Kisukuma, kwa heshima kabisa, kisha heshima ikaishia hapo. "Leo mavuno vipi? Bei ya nailoni imepanda?"

"Mwadila, mayu," anajibu. "Imepanda. Kilo moja, dume mmoja."

Walicheka. Wengine walidhani ni mzaha.

Nyumbani akaanza na moto. Kwetu moto ulikaa kwenye mafiga matatu, kuni zimejitandaza kama miguu ya mlevi, nusu ya moto inapika na nusu inapasha mbingu. Akamfinyangia shemeji jiko la udongo wa kichuguu lenye matundu mawili. Shemeji akasema halipiki, akapika, akanyamaza. Kuni zenyewe kaka aliapa hatakata tena tawi bichi, liwe la mgunga, liwe la mwiba. Shemeji alipikia matawi yaliyoanguka na mabua ya pamba. Bwana shamba alikuwa ametangaza, kama kila mwaka, kwamba baada ya mavuno mabua yote yang'olewe yachomwe, wadudu wasilale humo. Kaka akasema, "Sawa, nayachoma. Jikoni." Bwana shamba alipopita akalazimika kucheka. Sheria haikusema wapi.

Akatundika kibuyu kidogo chenye tundu mlangoni cha kunawia mikono, na chini yake akapanda mpapai, ili maji ya mikono yetu yasipotee bure. Mpapai ule ulizaa sana. Bado namkumbuka mayu akinawa mara mbilimbili, akisema, "Ngoja nimnyweshe mkwe wangu." Watu wakawa wanatutembelea kuutazama, na mmoja wawili walikwenda kufinyanga majiko kama lile. Kulikuwa na wakati, mfupi, nilidhani kijiji kizima kitamfuata. Shemeji alikuwa ameshaanza kuwasukia wenzake vikapu.

Lakini pamba ile ilikuwa inavuta watu upande mwingine.

Asubuhi moja baada ya kukamua, mdogo wetu aliegesha baiskeli kwenye ua wa zizi akatuita wote. Mayu alikaa kwenye kigoda, sisi tukasimama kati ya ng'ombe.

"Kaka," alianza, "mimi nina swali la heshima tu. Ile ngitili inatufanyia nini?"

"Inaota," kaka akajibu.

"Inaota nyasi. Tumekaa tunalinda nyasi kama watu wanaolinda benki. Wenzetu Zagayu wanalima mpaka mlangoni. Mtu anafungua mlango anakanyaga pamba."

"Na ng'ombe wao wanakula nini Oktoba?"

"Mabua."

"Na yakiisha?"

"Yakiisha tunauza ng'ombe tunakodi trekta. Dunia imebadilika, kaka."

"Trekta linakunya samadi?"

Hapo mayu alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi, na mimi nikacheka, hata mdogo wetu mwenyewe. Nilidhani kaka ameshinda. Lakini mdogo wetu akaacha kucheka kabla yetu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ana watoto, kwamba shamba lake ni kipande kinachozidiwa na mkeka, kwamba ngitili ni ya baba, siyo ya mtoto mmoja wa baba. Hilo lilikuwa kweli. Hakuna aliyeweza kulisogeza.

Kaka akaanza kusema habari za dume la rangi ya majivu, kwamba lisingekwenda kutafuta majalalani kama pangekuwa na nyasi za kutosha, kwamba ngitili ikifa wote watakwenda majalalani. Alisema vibaya. Alikuwa mtu wa mikono, maneno yalimtoka yamepinda. Mayu akanyanyua mkono.

"Baba yenu hakuwaachia nyasi mgombane," alisema. "Gawaneni sawasawa. Kila mtu na chake, afanye apendavyo. Nisisikie tena."

Kwetu mama akisema zizini, ng'ombe wakisikia, imekwisha. Hakumaanisha ubaya. Alitaka kula na watoto wake watatu bila mmoja kumpa mwenzake mgongo. Ngitili hata hivyo haigawanyiki, na hilo nadhani hata yeye alikuja kulijua, ila hakulisema. Ukiikata vipande vitatu hupati ngitili tatu.

Kaka akiwa mkubwa alichagua kwanza. Angechagua chini, upande wa mto, angepakana na mtu mmoja tu. Akachagua kati. Alichagua kati kwa sababu ndiko iliko migunga na mkwaju, na alijua kipande hicho kikichaguliwa na sisi miti yake imekufa. Kwa hiyo aliiokoa miti akajifungia katikati ya mashamba mawili, la mdogo wetu juu na langu chini. Mimi nami nililima pamba, nami nilikuwa na watoto.

Mashoka yalilia mwezi mzima. Kaka hakuzuia na hakuja kutazama. Alikuja jioni tu, akaokota vibanzi, akavipeleka kwenye jiko la udongo. "Visiozee," alisema.

Mvua zilipoanza sisi tulipanda pamba na yeye akapanda minyaa. Ndiyo ua wetu wa asili, ukikata kijiti ukakichomeka kinashika, na utomvu wake ng'ombe hawaupendi. Alizungushia kipande chake chote, kijiti baada ya kijiti, magoti yakiwa matopeni. Lakini minyaa haina haraka. Inataka mvua za miaka kadhaa ndipo imzidi ng'ombe kimo.

Mdogo wetu alimwonea huruma, nasema hivyo kwa sababu watu humfanya mdogo wetu kuwa mbaya, naye hakuwa mbaya. Alisimamisha baiskeli akamwambia, "Kaka, kata miiba uzungushie mpaka minyaa ikue. Nitakuletea shoka langu, lina makali."

"Nikate mti nilinde mti?"

"Matawi tu."

"Niliapa."

"Uliapa kwa nani? Nani alikusikia?"

"Yule dume," alisema.

Mwaka ule pamba yetu ilikuwa nzuri. Mdogo wetu alitembea amenyooka. Na kipande cha kaka katikati kikawa kama kitanda, nyasi zimepandana, ndege wote waliofukuzwa kwetu walihamia kwake. Jioni alikaa chini ya mkwaju, peke yake. Ukimwita alikuitikia vizuri. "Mhola?" "Mhola duhu." Salama tu. Hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

Tulipomaliza kuvuna, nilimpa mabua yangu yote ya pamba. Mdogo wetu naye akampa yake. Akayasimamisha nje ya minyaa, akayafunga kwa kamba za katani, ukawa uzio unaofika kifuani, na kwa muda mfupi nilimwona akipiga mluzi. Kisha siku ya bwana shamba ikafika. Alikagua shamba kwa shamba, na alipofika kwa kaka akasimama. Alikuwa mtu mwema, alisema kwa shida: "Mzee wangu, yale ya jikoni niliyaachia. Lakini haya umeyahifadhi. Wadudu watalala humu, msimu ujao wataamkia kwa wenzako."

Kaka hakubishana. Angeweza kubishana na pesa, lakini bwana shamba alikuwa anazungumzia wadudu. Aliufungua uzio kwa mikono yake, akaubeba mzigo kwa mzigo mpaka jikoni na uliobaki akauchoma palepale. Ikabaki minyaa, imefika magotini.

Na sasa niseme jambo ambalo mtu wa mjini hataliona. Kwetu shamba likishavunwa siyo lako tena. Masalia ni ya ng'ombe wote. Mifugo ya kijiji inaachiliwa, inatembea popote, na hakuna mtu anayemshtaki mwenzake kwamba ng'ombe wako wamekula kwangu, kwa sababu wako na wao walikula kwake. Kaka mwenyewe ameishi hivyo maisha yake yote. Zamani ngitili ilikuwa mbali na mashamba, ikajulikana. Sasa ilikuwa imelala katikati ya mabua, na ng'ombe hawajui kwamba hapa ni pamba ya fulani na pale ni ahadi ya fulani.

Ilikuwa asubuhi, jua limetoka kidogo tu. Nilisikia vishindo vya kwato nikatoka na fimbo. Walikuwa ndani wote, ng'ombe wa majirani, wa mdogo wetu, wangu. Ng'ombe wa mayu nao. Hata ndama wa kaka alikuwa humo, amezama mpaka masikio. Waliivuka minyaa kama mtu anavyovuka kizingiti, na mingine waliilaza. Utomvu mweupe ulikuwa unatiririka kwenye vumbi. Ilikuwa mwanzo tu wa kiangazi, na nyasi za Oktoba zilikuwa zinaisha.

Kaka alikuwa amesimama ukingoni, kikapu mkononi, fimbo yake ya msumari begani. Ilikuwa kesho ya gulio. Nilianza kukimbia huku nikipiga kelele, naye akanishika mkono.

"Waache."

"Kaka, watamaliza!"

"Wana njaa. Utawafukuza waende wapi?"

"Tumwite mwenyekiti. Twende kwa wazee, tuweke sheria—"

"Nimshtaki nani?" aliniuliza, na hakuuliza kwa uchungu, aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Yule pale mwenye baka ni wa mayu."

Tukasimama. Sauti ilikuwa ile ya ulimi na nyasi, kraa, kraa, sauti ambayo mfugaji yeyote anaipenda. Mfuko wa nailoni wa bluu ulikuwa umenasa kwenye mnyaa mmoja uliobaki wima. Kaka akaunyanyua kwa msumari, akautia kwenye kikapu. Kisha akanipa kikapu. Akaiegemeza fimbo kwenye mkwaju, taratibu, kama anaiegemeza ukutani kwake.

"Mwambie shemeji yako mpapai umeiva chini," alisema. "Ndege watauwahi."

"Unakwenda wapi?"

"Naja."

Akapita katikati ya ng'ombe, akiwasogeza kwa kiganja mgongoni mmoja mmoja, akavuka shamba langu lenye masalia ya pamba, akashuka kwenye njia ya mtoni. Makatambuga yake yalikuwa yanapiga visigino. Nilidhani anakwenda kunawa uso. Niliendelea kusimama pale na kikapu mpaka sikuyasikia tena, na yeye hakurudi, siku ile wala mpaka leo.